Mawe Mawili Katika Mfuko Mmoja



Katika sura ya 6 ya Injili yake, Yohana atuambia kwamba watu elfu tano walipokwisha kushiba, Bwana wetu hakuwaaga mara moja. Aliwatuma wanafunzi wake wakaokote mabaki, asitake chakula kiharibike bure. Tangu ujana wangu nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo hilo liliandikwa. Yeye aliyefanya mikate mitano ilishe umati mzima, alikuwa na haja gani na makombo? Lakini makombo yaliokotwa, vikajaa vikapu kumi na viwili.

Mwezi huu nataka tulitazame jambo hilo kwa mfano wa motokaa. Najua wengine mtashangaa, maana si wengi katika mtaa wetu walio na gari. Lakini moshi hauulizi nani mwenye gari. Sote twauvuta tukisimama kituoni, na watoto wanaokwenda shule kwa miguu kando ya barabara wauvuta zaidi yetu.

Ukitia lita nne za petroli katika gari la kawaida, kwa kadiri ni lita moja tu inayosukuma magurudumu. Nyingine zote hupotea kuwa joto: injini yachemka, rejeta yachemka, bomba la moshi halishikiki. Tena kila dereva anapokanyaga breki, ule mwendo alioununua kwa petroli hugeuka kuwa joto katika breki na kuchukuliwa na upepo. Kwa miaka mingi watengenezaji hawakujali sana, maana mafuta yalikuwa rahisi.

Ndipo ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliikatia Marekani na baadhi ya rafiki zake kwa ajili ya vita ya Israeli na Misri na Syria, na kwa muda wa miezi michache bei ikapanda karibu mara nne. Sisi tusiohusika na ugomvi ule tuliumia pia. Wenye umri wangu watakumbuka Jumapili za miaka iliyofuata hapa Tanzania, mchana barabara kimya kwa sababu serikali ilikataza magari ya binafsi kutembea. Huko Marekani Bunge lilipitisha sheria mwaka 1975, kwamba motokaa mpya za kila kampuni, zikichukuliwa kwa wastani, ziende maili 18 kwa galoni kuanzia zile za mwaka 1978, na maili 27.5 ifikapo 1985. Kwa hesabu yetu ni kutoka kilomita saba na nusu hivi kwa lita moja hadi karibu kumi na mbili.

Kabla ya hapo, mwaka 1970, ilikuwa imetungwa sheria ya moshi, iliyotaka baadhi ya sumu zipunguzwe kwa sehemu tisa katika kumi. Makampuni makubwa yalisema haiwezekani. Honda, waliojulikana zaidi kwa pikipiki zao, walijaribu. Walitengeneza injini yenye kijumba kidogo pembeni ya chumba cha moto. Ndani ya kijumba kile petroli huwaka kwanza kwa nguvu, kisha mwali huingia chumba kikubwa na kuunguza mchanganyiko mwepesi, wenye hewa nyingi na mafuta machache, hata ukateketea vema. Ikasemwa kwamba hilo labda lafaa kwa vigari vidogo tu. Basi Honda wakanunua Chevrolet Impala ya mwaka 1973, gari kubwa la Kimarekani, wakalitia kichwa cha injini cha namna yao, wakalipeleka lipimwe, nalo likafaulu. Hadithi hiyo naipenda sana, labda kwa sababu nimewasikia wanafunzi wengi wakisema haiwezekani kabla hawajafungua daftari.

Mwezi Desemba 1997 Toyota walianza kuuza Japani motokaa iitwayo Prius, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Dereva akikanyaga breki, mota ile hugeuka kuwa dainamo: magurudumu yaizungusha, gari lapunguza mwendo, na umeme unaopatikana waingia katika betri. Likiondoka tena, umeme ule ndio unaosaidia kulisukuma. Gari likisimama penye taa, injini huzimika yenyewe. Hayo, ndugu zangu, ndiyo makombo yaliyookotwa. Wengine wamepunguza uzito. Ford, kwa gari lao la mizigo F-150 la mwaka 2015, waliacha bati la chuma wakatumia aluminiamu, na gari likapungua hata kilo 300 na zaidi. Sioni haya kusema kwamba kazi kama hizo ni kazi za kumshukuru Mungu, wawe mafundi wenyewe wamjua au hawamjui.

Lakini makombo huokotwa na mikono, na mikono yaweza kudanganya. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, yamkataza mfanyabiashara kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, moja zito la kununulia na moja jepesi la kuuzia. Angalieni kwamba haikuishia kukataza kupunja. Yamkataza hata kuwa nayo mfukoni. Mwenye mawe mawili amekwisha kuamua kwamba kuna watu wa kupimiwa haki na watu wa kupimiwa hila.

Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilitangaza kwa miaka kadhaa kwamba injini zake za dizeli ni safi na hazili mafuta mengi. Juu ya mafuta walisema kweli. Habari ya usafi ilikuwa hivi. Gari lipimwapo moshi huwekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya nyumba, matairi yakazunguka palepale, na usukani haugeuzwi. Watu wa kampuni ile waliifundisha kompyuta ya gari kuzitambua dalili hizo. Ilipotambua kwamba gari linapimwa, iliamuru mitambo ya kusafisha moshi ifanye kazi yote. Gari liliporudi barabarani, iliilegeza. Mengine yalitoa hewa chafu za naitrojeni hata mara 40 ya kiasi kilichoruhusiwa na sheria, nazo ni hewa zinazochoma mapafu na kuzidisha pumu. Magari yaliyotiwa hila hiyo yalikuwa kama milioni 11 duniani. Mawe mawili, mfuko mmoja.

Waliogundua hawakuwa polisi. Walikuwa kikundi kidogo cha walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliopakia vipimo nyuma ya gari wakaliendesha katika barabara za kawaida za California, na moja wakalifikisha hadi Seattle. Hawakutafuta mhalifu, walitaka kujua tu. Hesabu zao zilitangazwa mwaka 2014, na kampuni ikajitetea kwa zaidi ya mwaka mzima. Septemba 2015 ikakiri, na mkuu wake, Martin Winterkorn, akajiuzulu siku chache baadaye. Mwaka 2017 kampuni ilikubali makosa mbele ya mahakama ya Marekani, na gharama zote zimepita euro bilioni 30. Wala haikuwa peke yake. Mwaka 2016 Mitsubishi ya Japani nayo ilikiri kwamba ilikuwa imepotosha vipimo vya ulaji wa mafuta vya baadhi ya magari yake. Tangu Septemba 2017, nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutaka magari ya namna mpya yapimwe pia yakiwa barabarani.

Niliposoma habari hizo nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Nimefundisha katika chuo cha ualimu miaka mingi, na kila mwaka nilikwenda kuwatazama wanachuo wakiwa katika mazoezi ya kufundisha. Siku moja niliketi nyuma ya darasa la nne. Kijana yule alikuwa na michoro ya rangi, maandalio yake yalikuwa safi, na kila alipouliza swali mikono yote ilikuwa juu. Nikaandika alama nzuri. Nilipotoka, mtoto mmoja akanifuata akanisalimu shikamoo, akasema kwa furaha, "Mwalimu, somo hili tumeshafundishwa jana na juzi, na leo tena!" Nilisimama pale uwanjani na karatasi yangu mkononi. Sikubadili zile alama. Nilijiambia kwamba kijana ana juhudi. Ukweli ni kwamba niliona aibu kurudi na kukubali kwamba nimedanganywa, na watoto wale wakabaki na mwalimu wa siku ya mkaguzi.

Yako mawe mengine mawili, makubwa kuliko ya Volkswagen, na hayo hatuyaoni upesi kwa kuwa yako mbali mahali na mahali. Sasa wengi wasema dawa ni motokaa ya umeme, isiyotoa moshi kabisa. Katika Norway, mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na hewa ya miji yao yafaidika. Lakini betri nyingi za magari hayo zahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, kwa watu wanaosema lugha yetu hii. Sehemu yake huchimbwa kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wameonekana humo wakichambua na kuosha mawe. Viwanda vingine vimeanza kutumia betri zisizo na kobalti, na hilo ni jema. Lakini anayepima usafi wa gari mjini Oslo bila kuhesabu vumbi la Kolwezi ana jiwe moja kwa ajili ya mtoto wake na jiwe lingine kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.

Ningeweza kuishia hapo, nikawaacha Wajerumani na Wanorwe kizimbani. Mke wangu alisoma karatasi hizi akauliza, "Na la kwako hukuliandika?" Basi naliandika.

Mwaka 2019, kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, nilinunua gari dogo lililokwisha kutumika Japani. Magari hayo huja na kifaa ndani ya bomba la moshi ambacho mafundi wetu hukiita masega, maana kina vitundu vingi kama sega la nyuki. Ndani ya vitundu vile mmepakwa madini ya thamani, platinamu, paladiamu na rodiamu, nayo huzigeuza hewa za sumu kuwa hewa zisizodhuru sana kabla hazijatoka. Kazi yake haisikiki wala haionekani. Mwenye gari hapati faida yoyote kwayo. Anayefaidi ni yule anayetembea nyuma.

Siku moja fundi aliniambia, "Mwalimu, masega haya yanakubania gari bure. Yapo yanayotafutwa kwa fedha nzuri. Tuyatoe, tuunge bomba tupu, gari litavuta." Nilijua kifaa kile ni cha nini. Nilikuwa nimewafundisha wanachuo habari za hewa na mapafu kwa miaka mingi, na kuwachorea ubaoni. Nikamwuliza swali moja tu: kama kuna mtu atakayelikagua. Akacheka akasema hakuna. Nikakubali, nikapokea fedha, na Jumapili iliyofuata nikatoa fungu la kumi la fedha ile katika bahasha, nikiimba pamoja nanyi.

Gari halikuvuta zaidi ya zamani. Kila asubuhi nililiwasha mbele ya nyumba wakati watoto wa shule ya msingi wakipita na mifuko yao mgongoni, na wengi walisimama kunisalimu, maana wananijua kwa jina. Nilikuwa nikiwaitikia kwa dirisha, injini ikinguruma. Miaka mitano nilifanya hivyo.

Mwezi uliopita nilirudi kwa fundi yule nikamwambia anirudishie masega. Alidhani natania. Alipoona sitanii alipiga simu huku na huku, kisha akanitajia bei, nayo ni zaidi ya mara tano ya fedha niliyopokea. Akaniuliza kwa heshima, "Lakini Mwalimu, nani amekukamata?" Nikamwambia hakuna. Alinyamaza kidogo, akaandika namba ya injini katika daftari lake, akasema itachukua wiki sita. Nimempa malipo ya kwanza, na mengine nitalipa pensheni ikitoka. Kwa hiyo atakayeniona Jumapili hizi nikija kanisani kwa miguu asidhani gari limeharibika.