Jani Linaloota Tena

Je, kuchuma bila ruhusa jani ambalo litaota tena ni wizi? Swali hili laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha, lakini mimi lilinisumbua kwa muda mrefu, na mwishowe likanifundisha jambo ambalo sikulijua katika miaka yangu yote ya ualimu.

Nyuma ya jiko letu hapa Muheza nina tuta dogo la viungo vya mboga. Kuna kotimiri, ambayo mbegu zake ndizo giligilani. Kuna mchaichai, mrehani na vitunguu vya majani. Nanaa nimeipanda ndani ya ndoo mbovu, maana ikiachiwa ardhi hutambaa na kuifukuza mimea mingine. Kazi yake si kubwa. Mbegu za giligilani huzisugua mpaka zipasuke mbilimbili, kisha nikazifukia pale pale zitakapokulia, kwa kuwa miche yake haipendi kuhamishwa. Baada ya wiki sita hivi twachuma ya mchuzi. Mrehani na nanaa hustaajabisha zaidi: ukikata ncha ya tawi, huchipua matawi mawili mahali pa moja, usipokata, hurefuka na kuchanua, na majani yakapungua.

Jirani yangu mmoja, mama mjane mwenye watoto, alikuwa akipita uani petu jioni na kuchuma kidogo. Hakubisha hodi. Siku moja nilimkuta ameinama penye tuta. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaendelea kuchuma. Nilimwitikia, kisha nikamwambia, kwa sauti ile niliyozoea kuwasemeshea wanafunzi mstarini, kwamba kitu cha mtu huombwa. Akajibu kwa upole, "Nisamehe, baba. Nilidhani haya huota tena." Akayaweka majani yale juu ya ukingo wa ndoo, akaenda zake. Hakurudi.

Hoja nilikuwa nayo. Nilipoanza kufundisha, katika miaka ya 1970, bustani ya shule ilikuwa sehemu ya masomo, kwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967, na mwanafunzi aliyechuma bila ruhusa aliadhibiwa. Niliamini, na hata leo naamini, kwamba achukuaye bila kuuliza humfanya mwenye mali kana kwamba hayupo. Lakini usiku ule nilijiuliza: mimi nimepungukiwa na nini? Si majani, maana yangeota. Si jasho langu, maana kuchumwa kuliisaidia mimea. Nilichokilinda ni kule kuombwa tu. Nilitaka niombwe, nitoe, kisha nishukuriwe.

Ukaja mwezi wa Februari na joto lake. Kotimiri yangu yote ikatoa maua kabla ya wakati, ikakauka. Mke wangu alikuwa na samaki jikoni, na soko limekwisha kufungwa. Wajukuu, ambao ningewatuma, walikuwa wamerudi kwao. Ikanibidi niende mwenyewe kwa mama yule, ambaye sasa alikuwa na kopo lake la kotimiri, limewekwa kivulini chini ya dirisha. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua chache, lakini nilisimama mlangoni pake kitambo, na neno hodi likawa zito kinywani.

Hapo ndipo nilipofahamu. Mwenye vingi huomba mara moja kwa mwaka, akadhani kuomba ni adabu tu. Asiye navyo huomba kila jioni. Adabu ni moja, lakini mzigo wake si mmoja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama unacho kitu kisichopungua kwa kutolewa, usingoje kuombwa. Mwambie jirani mapema, tena mara moja tu: "Pita uchume." Neno hilo huilinda haki yako na uso wake pia.

Alinichumia karibu kopo zima. Nikamtaka radhi kwa yale ya zamani, nikamwambia uani petu apite atakavyo. "Yamekwisha, baba," akasema, nami naamini alisema kweli.

Lakini tangu siku hiyo, kila apitapo kwetu, hubisha hodi kwanza, hata mlango ukiwa wazi nami nimekaa anionapo. Humwitikia, "Karibu, mama." Na kila niisikiapo hodi ile, nakumbuka kwamba ni mimi niliyeidai.