Miwani Kuukuu na Zuhudi ya Mja

Aghalabu watu wa dini, wanapoulizwa zuhudi ni nini, hujibu kuwa ni kuipa dunia kisogo na kuvihesabu vitu vyake kuwa si kitu. Na kwa jawabu hilo, mtu anayeonekana ameketi kibarazani kwa kitambo kirefu akikihangaikia kitu kikuukuu ambacho angeweza kukitupa na kununua kingine huhukumiwa upesi kwamba moyo wake umefungwa na mali, na kwamba hajajifunza bado kukiacha kinachopita kipite. Hukumu hiyo nimeisikia mimbarini na nimeisikia sokoni, na pote pawili ilitolewa na watu wema. Lakini kila ninapoitafakari naiona imepinduliwa juu chini, kwa maana nasadiki ya kuwa mwenye kutengeneza ndiye aliyeikaribia zuhudi, na mwenye kutupa ndiye ambaye dunia haijamwachilia.

Nimeichagua miwani iwe shahidi wa neno hili kwa sababu ni kitu ambacho wengi wetu hatukukitamani, bali tulikihitaji. Kila mwanadamu aliyejaliwa umri, akishapita miaka 40 au karibu na hapo, lenzi iliyo ndani ya jicho lake hukakamaa, ikawa haiwezi tena kujigeuza umbo kwa ajili ya vitu vya karibu, na hapo maandishi huanza kumkimbia ingawa vilima vya mbali anaviona vilevile. Huku Ruiri, ambako mvua hupungua kadiri nchi inavyoteremka kutoka Meru kuelekea Isiolo, na ambako upeo wa macho ni mpana, mzee aonaye safu ya Nyambene kwa wazi asubuhi kweupe ndiye huyohuyo ashindwaye kutofautisha jiwe na haragwe katika ungo uliopakatwa magotini mwake. Wanawake waliochambua nafaka na kutunga shanga waliijua hasara hiyo zamani. Wanaume waliokuwa wakichunga na kulinda mipaka huenda hawakuijali sana, mpaka Wamethodisti walipoweka kituo chao Kaaga, kando ya mji wa Meru, mwaka 1912, kitabu kikaanza kuingia majumbani, na kitabu kikamfichulia kila msomaji mwenye umri upungufu ambao mifugo haikumfichulia. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019 juu ya uoni, lilikadiria kuwa watu milioni 826 ulimwenguni wana upungufu huu na hawajapata msaada, ilhali msaada wenyewe ni miwani tu.

Mzee mmoja jirani yangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, nilimkuta Jumapili moja baada ya ibada akiitengeneza yake. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe juu ya meza, kwa sababu skrubu ya bawaba ya miwani haizidi punje ya wimbi na ikianguka sakafuni imekwenda. Skrubu ya asili ilikwisha kupotea, na kwa muda mkono wa kulia ulikuwa umeshikiliwa kwanza na uzi, kisha na pini. Sasa alikuwa amepata skrubu nyingine katika miwani iliyokufa kabisa, akaiingiza kwa bisibisi nyembamba, akaikaza polepole, akaiacha kabla haijaanza kulia, akadondosha juu ya kichwa chake tone la rangi ya kucha aliyoiazima kwa mkwewe, isiyo na rangi yoyote, ili isilegee tena. Kabla ya hayo yote aliiosha miwani kwa maji na sabuni, asiifute kavu, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi lina chembechembe ngumu za mchanga ambazo kitambaa kikavu huzikokota juu ya lenzi na kuichora. Gundi kali wanayoiuza madukani hakuitaka iwe karibu na lenzi, maana mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Mkono wa plastiki uliokuwa umetanuka aliuchovya katika maji ya moto mpaka ukalainika, akaukunja kidogo, akaujaribu nyuma ya sikio, akaurudisha majini, akaukunja tena.

Mjukuu wake aliyesimama pale akamwambia, "Babu, si uitupe tu hiyo? Sokoni ziko tele, na bei si kubwa."

Mzee hakuinua macho. "Za sokoni, mjukuu wangu, zimekatwa kwa macho ya watu wote. Hii nilipimiwa mimi, jicho la kulia mbali na la kushoto."

Alisema kweli, kwa kuwa miwani ya kusomea inayouzwa tayari huwa na nguvu moja katika lenzi zote mbili, na macho ya watu wengi hayalingani. Lakini kijana naye alikuwa na hoja yake, hoja ambayo zama hizi zimeifanya ionekane kuwa akili yenyewe: ya nini kukipa kitu kikuukuu saa ya mtu, ikiwa kipya kinapatikana kwa thamani iliyo chini ya saa hiyo? Kwa hesabu ya fedha sina la kumjibu. Ila hesabu ya fedha haikupata kuwa mizani ya moyo, na swali la zuhudi ni swali la moyo.

Natuutazame, basi, moyo wa mwenye kutupa. Hudhaniwa kuwa yu huru kwa kuwa hashikamani na kitu. Lakini ukimfuata utaona kuwa hakuacha kupenda, amehamisha tu mapenzi yake, leo kwa hiki na kesho kwa kile, na kwa kuwa kila kipya huchakaa, mapenzi yake hayapati siku ya kupumzika. Anachokipenda si miwani hii wala ile, ni upya, na upya ni bwana mkali kuliko mali, kwa sababu mali huweza kutosha na upya hautoshi abadani. Mwenye kutengeneza, kwa upande wa pili, amekubali mbele ya nafsi yake kwamba kitu chake kina kovu na kitaendelea kuwa na kovu. Ameikata tamaa ya ukamilifu kwa mkono wake mwenyewe. Na ili kazi imtii imembidi yeye kwanza aitii kazi, aende kwa mwendo wa skrubu na wa plastiki inayolainika, wala si kwa mwendo wa haraka yake. Kinaa na saburi, ambazo wacha Mungu huzitafuta kwa kufunga na kukesha, zilikuwa pale juu ya kitambaa cheupe.

Wala si mimi niliyelizua neno hili. Waislamu wa Isiolo, majirani zetu wa upande wa chini, wanalo katika mapokeo yao kwamba Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alitaja kuwa alikuwa akishona viatu vyake na kuzitia viraka nguo zake. Na mtu huyo alizungukwa na masahaba ambao kila mmoja wao angeona ni fakhari kumfanyia kazi hiyo. Wakristo nao wanayo katika Injili ya Yohana, mlango wa 6, habari ya umati ulioshibishwa kwa mikate mitano na samaki wawili, ambapo baada ya shibe wanafunzi waliamriwa wavikusanye vipande vilivyosalia, vikajaa vikapu kumi na viwili. Katika muujiza huo, neno linalonishika ni hilo la vipande kuliko la mikate. Aliyeweza kuizidisha mikate hadharani hakuwa na haja yoyote ya masazo. Angaliweza kuzidisha tena kesho. Na hata hivyo aliamuru kisipotee kitu. Kwa hiyo sababu ya kuhifadhi haiwezi kuwa uhaba peke yake. Iko sababu nyingine, nami sipati jina lake ila amana: kwamba kilichokwisha kutolewa kina haki yake juu ya aliyepewa, hata kama mtoaji ni tajiri asiye na mwisho.

Nayo miwani, kwa ajabu, iliingia katika habari za dunia kwa mikono ya wazuhudi. Padri Giordano wa Pisa, akihubiri Florence mwaka 1306, aliwaambia wasikilizaji wake kuwa sanaa ya kutengeneza miwani ilikuwa haijatimiza miaka 20 tangu ivumbuliwe. Na kumbukumbu za watawa wenzake wa Pisa husimulia juu ya ndugu mmoja, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313, kwamba aliiona miwani ambayo mwenyewe aliyeianzisha hakutaka kumfunza mtu, akaiunda yeye kwa akili yake, kisha akawagawia watu wote elimu hiyo kwa moyo mkunjufu. Alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara, na nadhiri haikumzuia kukishughulikia kitu, ilimzuia kukificha.

Lakini insafu yanidai niseme upande wa pili, kwa kuwa si kila mwenye kutunza ni mja mwema. Mwezi wa Agosti mwaka 2020 miwani moja iliyosemwa kuwa ya Mahatma Gandhi, mtu aliyeishi na vitu vichache kuliko karani yeyote wa wakati wake, iliuzwa kwa mnada huko Bristol, Uingereza, kwa pauni 260,000. Simlaumu aliyeinunua, ila hapo naipata alama ya kutenganisha utunzaji na utumwa. Miwani iliyotengenezwa na jirani yangu ilirudi kazini jioni ileile, ikatazamiwa. Ile ya mnada haitatazamiwa tena, itatazamwa. Kushikamana kubaya hukitoa kitu katika kazi yake na kukiweka mahali pa kuheshimiwa; kutengeneza hukirudisha katika kazi na kukisahau.

Kwa alama hiyohiyo namhukumu bakhili, ambaye huunga fremu mwaka baada ya mwaka ilhali jicho lililo nyuma yake limebadilika na halikupimwa. Uko ugonjwa wa glakoma, unaokula uoni kuanzia pembeni, aghalabu bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi. Mtu aliyeokoa gharama ya kupimwa, akaitunza miwani na kulipoteza jicho, hakutengeneza kitu. Wala nisifahamike kuwa nawahubiria ukinaifu wale ambao hawakupata kuwa na miwani hata moja; kukosa si zuhudi, na mama anayeomba mtoto amchambulie maharagwe kwa kuwa haoni hahitaji waadhi kutoka kwetu, ahitaji miwani.

Na kwa ajili yake nina ombi moja kwako, msomaji. Katika nyumba nyingi za huku Meru, na bila shaka za kwenu, iko miwani ya marehemu iliyohifadhiwa ndani ya Biblia, au sandukuni, au juu ya kabati, wala hapana mtu awezaye kuivaa kwa kuwa ilipimiwa macho yaliyokwisha kufumbwa. Fremu yake, ikiwa nzima, huweza kukatiwa lenzi nyingine. Itoe, ioshe kwa maji na sabuni, kaza skrubu zake, kisha mtafute mtu wa nyumba yako au jirani asiyeona karibu, umpeleke akapimwe macho, naye fundi akate lenzi kwa kipimo cha macho yake.