KHOFU NA MATUMAINI YA MUUMINI WAKATI WA MARADHI YA KORONA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, ambaye kwake yeye peke yake ndiko inakotoka ponya ya kila mgonjwa. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa masuala yaliyowashughulisha Waislamu katika mwaka 2020, na ambayo mpaka leo hayajatoka vifuani mwa wengi, ni hili: Je, muumini aliyeacha kwenda msikitini kwa kuyaogopa maradhi, imani yake imepungua? Na yule aliyesema kuwa haogopi ila Mungu, akaendelea kukusanyika na watu, je, yeye ndiye aliyemtegemea Mola wake zaidi?

Watu wa Omani walifikwa na mtihani huu hali wamo katika msiba. Sultani Qaboos bin Said alifariki tarehe 10 Januari 2020, na tarehe 24 Februari wakatangazwa wagonjwa wa kwanza, wanawake wawili waliorejea kutoka Iran. Tarehe 10 Machi Sultani Haitham bin Tariq aliamuru kuundwa Kamati Kuu ya kuyakabili maradhi hayo. Haikupita wiki skuli zikafungwa, kisha ikafungwa misikiti, isibakie ila sauti ya adhana. Tarehe 29 Machi ndege zikasimama, na siku mbili baadaye kikatangazwa kifo cha kwanza, cha mzee wa miaka 72.

Kwa jamaa wanaosema Kiswahili suala hili lilikuwa zito zaidi, kwani wao wametawanyika pwani mbili. Wakati Muscat misikiti imefungwa, Tanzania Rais John Magufuli alisema kuwa misikiti na makanisa hayatofungwa, akawataka watu waelekee kwenye dua. Ikawa ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja yuko Muscat na mmoja yuko Unguja, wanapelekeana maneno kwa simu. Huyu wa Unguja humlaumu mwenziwe kwamba watu wa Ghuba wamezikimbia nyumba za Mungu. Na huyu wa Muscat hujibu kwamba wao wanajitupa kwa mikono yao katika maangamizo. Kila mmoja ana hoja yake, na kila mmoja humdhania mwenziwe vibaya.

Jawabu la suala hili linahitaji kwanza kujua khofu ni nini. Maulamaa wamepambanua baina ya khofu ya ibada, ambayo haielekezwi ila kwa Mwenyezi Mungu, na khofu ya tabia, ambayo mwanaadamu ameumbwa nayo. Nabii Musa (A.S.), alipoiona fimbo yake inatikisika kama nyoka, aligeuka akakimbia, naye hali yuko mbele ya Mola wake anasemezwa. Hakuna Muislamu anayethubutu kusema kuwa Musa alipungukiwa na imani. Kwa hivyo khofu yenyewe haina lawama. Linaloangaliwa ni lile ambalo khofu hiyo inamfanyisha mtu.

Pili, na atazame muumini Sala ya khofu iliyotajwa katika Qur'ani. Jamaa haikuachwa, lakini sura yake ilibadilishwa kwa ajili ya hatari: kundi moja husali nyuma ya imamu, na kundi la pili hulinda, kisha hubadilishana, na wote wameamrishwa kuchukua hadhari na silaha zao. Aliyewaamrisha kuchukua hadhari ndiye huyo huyo wanayemsujudia. Lau hadhari ingekuwa inapingana na kutawakali, isingeamrishwa ndani ya Sala yenyewe. Na Mtume (S.A.W.), usiku wa baridi na mvua, alimwamuru mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Ikiwa matope na baridi ni udhuru, vipi isiwe udhuru khofu ya kuwaua watu?

Tatu, ni kisa cha Umar bin Al-Khattab (R.A.). Katika mwaka wa 18 wa Hijra alisafiri kwenda Sham, na alipofika Sargh akaambiwa kuwa huko kumeingia tauni. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaazimia kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamkabili kwa suala: je, anaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamfahamisha kwamba wanaiacha kadari moja ya Mungu na kuiendea kadari yake nyengine. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bondeni, upande mmoja una majani na upande mmoja ni mkavu: popote atakapolisha ngamia wake, atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), akawaeleza alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba tauni ikiwa katika nchi haiingiwi, na aliyekuwamo hatoki kwa kuikimbia. Abu Ubaida alirejea kwa watu wake wa Sham, akafa kwa tauni hiyo. Masahaba hawa wawili walikhitalifiana katika jambo la uhai na mauti, na wala hakuna aliyemwambia mwenziwe kuwa hana imani.

Baada ya hayo linakuja jambo ambalo ndilo kiini cha suala hili. Mwenye kusema, "Mimi siogopi kufa," amesema juu ya nafsi yake tu. Lakini anaposimama safuni, bega lake limegusana na bega la mzee mwenye maradhi ya kifua, na mzee huyo ana mke nyumbani, na wajukuu. Hao hawakumpa ruhusa ya kuyahatarisha maisha yao. Katika sheria, mtu anaweza kuisamehe haki yake mwenyewe, lakini haki ya mwenziwe haisamehewi ila na mwenyewe. Basi ushujaa wa mtu kwa roho za watu wengine hauhesabiwi kuwa ni kutawakali. Huko ni kutoa sadaka mali isiyokuwa yake.

Pengine atasema, "Mimi ni mzima, sina homa wala kikohozi." Jawabu ni kwamba maradhi haya huweza kukaa mwilini siku mbili mpaka kumi na nne kabla ya alama zake kudhihiri, na wako walioambukiza wenziwao hali wao wenyewe hawajahisi lolote. Hapo hana yakini ya uzima wake. Na sheria, katika kuilinda nafsi, haingoji yakini. Mgonjwa anayekhofu kuwa maji yatamzidishia maradhi hutayamamu. Mjamzito anayekhofu juu ya mimba yake hufungua saumu. Hakuna anayeambiwa angoje mpaka dhara itokee ndipo apewe ruhusa. Na ikiwa dhana yenye nguvu inatosha kwa mtu kujikinga mwenyewe, basi kumkinga jirani ni aula zaidi.

Hata hivyo, si kila aliyekhofu alikuwa katika haki. Ilikuwako khofu iliyompeleka mtu dukani akachukua chakula cha miezi na kumwachia jirani yake rafu tupu. Ilikuwako khofu ya aliyeficha kuwa ametoka safari, asije akatengwa. Na ilikuwako khofu ya waliomkimbia mgonjwa wao hata kwa salamu ya simu. Khofu hizi zote humfanya mtu aione nafsi yake peke yake. Ama khofu njema ni ile iliyomfanya mtu ajizuie asimdhuru mwenziwe, na mwenye nyumba ampe muhula mpangaji aliyekatikiwa na kazi, na tajiri aitoe Zaka yake kabla ya wakati wake kwa wahitaji.

Vivyo hivyo matumaini. Maulamaa wa Kiibadhi wamehesabu khofu na matumaini kuwa ni katika mambo yanayomlazimu kila mukallafu, lisizidi moja kuliko jenziwe: khofu ikizidi huleta kukata tamaa, na matumaini yakizidi huleta kujiaminisha. Wametofautisha pia baina ya matumaini na kutamani. Mkulima aliyelima, akapanda na akamwagia, kisha akaomba mavuno, huyo ana matumaini. Aliyekaa kitako akaomba mavuno, huyo anatamani tu. Dua ni silaha ya muumini na haina badala, lakini haikuwekwa ili iache sababu. Waliokesha mahospitali na waliotafuta chanjo, ambayo Omani ilianza kuitoa tarehe 27 Disemba 2020, walikuwa katika kulima na kupanda.

Ama wale ndugu wawili wa pwani mbili, haki ni kuwa kila mmoja anaangaliwa kwa hali yake. Nchi yenye akiba huweza kufunga kwa miezi, na anayekula kwa kibarua cha siku hawezi kujifungia nyumbani, na Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Kwa hivyo aliyeko kwenye nafuu asimdharau mwenye dhiki. Lakini udhuru huo hauhalalishi kuficha khabari. Tangu mwisho wa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa, na watu hawawezi kujikinga na jambo walilofichwa ukubwa wake. Ushahidi ni amana, na kuuficha kunamdhuru mnyonge kabla ya mwenye nguvu.

Limebaki jeraha la wale ambao wazazi wao walifariki Unguja, Pemba au Mombasa, nao wamezuilika Ghuba mpaka viwanja vya ndege vya Omani vilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2020. Wengi wao hujiona kuwa wameasi kwa kutomzika mama au baba. Na wajue kwamba Mtume (S.A.W.), akiwa katika safari ya Tabuk, aliwafahamisha jeshi lake kuwa wako watu waliobaki Madina ambao wanashirikiana nao katika thawabu za kila hatua, kwa sababu walizuiliwa na udhuru. Mtoto aliyezuilika, na moyo wake uko penye jeneza, ni mfano wao. Na wema kwa wazazi haukukatika: bado kuna dua, kuna kuwalipia madeni yao, na kuna kuwaunga jamaa na marafiki zao.

Milango ya misikiti mikubwa ya Omani ilianza kufunguliwa tena kwa Sala tano mwezi wa Novemba 2020, na Sala ya Ijumaa ikarejea Septemba 2021. Aliyeilia kwa mapenzi, kisha akaingia tena kwa adabu, hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule aliyetoka katika mtihani ule na bado ana kinyongo juu ya nduguye kwa maneno ya siku zile. Huyo na apige simu leo, ataka radhi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofariki, awakubalie katika daraja ya mashahidi, awaponyeshe wagonjwa, na aziunge nyoyo za jamaa waliotenganishwa na bahari. Amin.