Mzee na Nyonga ya Pili

Je, mzee aliyekwisha kuwekewa nyonga ya bandia, nayo ikachakaa au kulegea, apasuliwe tena? Swali hili si la madaktari peke yao.

Tangu 1962, John Charnley wa Uingereza alipofaulu kuunda nyonga ya chuma na plastiki, wazee wengi wamesimama tena. Lakini operesheni ya pili ni nzito kuliko ya kwanza: kiungo cha zamani hung'olewa, mfupa umepungua, damu hupotea zaidi. Na kutoka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, safari yapita kilomita 1,000.

Wako wasemao: "Amekwisha kula chumvi nyingi, gharama ya nini?" Neno hilo twalikataa, kwani miaka si kipimo cha utu. Wengine humlazimisha akubali, wasije wakalaumiwa na majirani. Hilo nalo twalikataa. Papa Pio XII alifundisha mwaka 1957 kwamba mtu hafungwi kutumia njia zimlemeazo kupita kiasi.

Basi yatupasa kupima: je, faida yake yeye, yaani kulala bila maumivu na kwenda kwa miguu yake, yashinda mateso na hatari? Daktari aeleze wazi, na mzee aulizwe mwenyewe, maadamu akili anayo. Akikataa, asiitwe mwoga wala asiachwe. Apewe dawa ya maumivu, mkongojo, na mtu wa kumshika mkono.

Ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Tusimfungie mlango.