Nafuu kwa Nani?

Ndugu msomaji, tukisema kitu ni cha bei nafuu, nafuu hiyo ni ya nani?

Kila alfajiri nakimbia kutoka Area C hadi kilima cha Mlimwa, hapa Dodoma. Saa yangu ya chuma hunigonga kifundo cha mkono. Jasho na vumbi hunila ngozi. Basi nikaanza kusaka ya titani, metali isiyoshika kutu, yenye uzito unaozidi kidogo tu nusu ya ule wa chuma. Citizen ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya titani mwaka 1970. Kwetu bado ni adimu.

Sokoni Majengo nikaipata moja, mtumba, bei ya kuongeleka. Nikaivaa. Nyepesi kama unyoya! Lakini fedha mfukoni ilikuwa ya gunia la mtama la mama, kijijini, ambako mvua zilikuwa zimegoma. Nikaivua.

"Mdogo wangu, utajuta," muuzaji akacheka.

Kweli, najuta kidogo kila kunapokucha. Ila bei ya saa ile angeilipa mama, na yeye hakimbii. Wewe mwenzangu, ungeivua?