Ubeti Ule Ulikuwa wa Nani?

Mtu akitoka kwenye taarab hapa Uingereza, kazi yake ya kwanza asubuhi ni kusimulia. Aliyekwenda anampigia asiyekwenda, na asiyekwenda maswali yake yako tayari: walianza saa ngapi, nani aliimba, sauti ingalipo au imeshakwenda, kavaa nini, na mwisho, kwa sauti ya chini kidogo, nani alitunza. Hili la mwisho ndilo nataka tulizungumze, kwa sababu nimelibeba miaka mingi na sijapata pa kulitua.

Wenye kujua watanisamehe nikieleza, maana tuna watoto waliozaliwa huku. Mwanangu wa pili aliwahi kuniuliza kwa nini kina mama wanamlipa mwimbaji mara ya pili na hali tiketi wamekwisha nunua. Kutunza si malipo. Mtu amekaa anasikiliza, ubeti unamgusa, anainuka, anakwenda mbele taratibu kwa madaha, noti kaishika juu ionekane, anampa mwimbaji, anarudi kwenye kiti chake. Wakati ule maneno yanakuwa yake. Mtunzi ameyaandika na mwimbaji ameyaimba, lakini anayetunza ndiye anayeyatuma. Anayatuma kwa nani, hasemi. Ukumbi mzima unafuata macho yake ili ujue. Kelly Askew, mtaalamu wa Kimarekani aliyefanya utafiti wake Tanga, ameliandika jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002, jinsi watu wanavyogombana na kupatana kwa noti bila ya kufungua kinywa. Bibi zetu walilijua bila ya kitabu, lakini si vibaya likaandikwa.

Sasa nije kwenye kisa.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2007, mashariki ya London, kwenye ukumbi wa skuli uliokodiwa kwa usiku mmoja. Waimbaji wawili walitoka nyumbani, wapigaji wengine ni wenzetu wanaoishi huku, mchana wanaendesha mabasi na usiku wanashika fidla. Sambusa zinauzwa mlangoni. Msimamizi wa jengo, mzee wa Kiingereza mwenye shada la funguo, kesha tuonya kwamba saa tano kamili anazima taa. Taarab iliandikwa saa moja, ikaanza saa tatu kasorobo. Hakuna aliyelalamika ila yeye.

Wakafungua kwa bashraf. Mpigaji kanuni alikuwa mtu mzima, miwani imemteremka puani, anapiga kama mtu anayechambua mchele, hana haraka hata kidogo. Nakumbuka nilimwambia mwenzangu kwamba hata wasipoimba leo, mimi nimeshapata haki yangu. Kisha ukaja wimbo mmoja wa zamani, wa mtu anayemlalamikia mwenziwe kwa kumsahau. Nyimbo za namna hiyo ziko nyingi, sitautaja.

Kwenye ubeti wa tatu akainuka mama mmoja ambaye sote tukimjua. Mume wake alikuwa amekwenda Muscat kikazi, mwezi wa nane huo hajarudi, na maneno yalikuwa yakipita mjini kwamba huko ana nyumba nyingine. Mama yule hakwenda kwa madaha. Alikwenda kama anayekwenda kufungua mlango. Mkononi ana noti ya pauni ishirini, naye ni mtu aliyekuwa akisafisha maofisi alfajiri, kwa hiyo kila mtu alijua noti ile imetoka wapi. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. Ukumbi ulinyamaza, halafu vigelegele vikapasua dari.

Asubuhi yake, Jumapili, nilishuka dukani nikanunua kadi ya simu ya pauni tano, zile za kukwangua namba. Ilikuwa saa moja huku, kwao saa nne. Nikampigia dada yangu mkubwa Unguja. Sitajificha: mimi ni msimulizi mzuri. Nilimpa bashraf, nikampa mzee wa kanuni na miwani yake, nikampa Mwingereza na funguo zake mpaka dada akacheka akakohoa. Kisha nikampa yule mama, noti, machozi, na ubeti. Nikamalizia kwa maneno matatu ambayo nimeyakumbuka tangu siku ile mpaka leo: "Basi tumejua sote."

Dada akasema, "Alaa!" Kadi ikakatika.

Kufika Jumatatu habari ilikuwa imeshaingia nyumbani kwa mama mkwe wa yule mama. Simu ikapigwa London. Aliambiwa amekwenda kumuaibisha mtoto wa watu ukumbini, mbele ya Waingereza. Waingereza wenyewe alikuwa mmoja, tena na funguo. Baadaye akapiga na mume kutoka Muscat. Walichosemezana ni chao. Sisi tuliona tu kwamba mama yule hakuonekana tena. Hakuja Idi, hakuja harusini, na kiti chake cha karibu na ukuta kikakaliwa na wengine.

Kwa muda mrefu nilijitetea, na nataka niuweke utetezi wangu hapa kwa ukamilifu, kwa sababu hata leo sioni kama ni wa kijinga.

Kwanza, sikusema uongo. Aliinuka, alitunza, alilia. Watu mia na zaidi waliona. Pili, lile halikuwa jambo la siri. Wazee wanasema vikao ni amana, nami nalikubali hilo, lakini kikao ni pale mtu alipokaribishwa ndani akaambiwa jambo. Ukumbi tiketi zake ziliuzwa mlangoni kwa kila mwenye pesa. Isitoshe, kutunza kazi yake ni kuonekana. Asiyetaka kuonekana hukaa kitini. Tatu, na hili ndilo nililoliona zito zaidi, bila ya kusimulia hatuna taarab. Siti binti Saad alirekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928. Kabla ya hapo, mtu wa mbali alimjua kwa midomo ya waliomsikia tu. Hata nyimbo zake mwenyewe zilibeba visa vya watu. "Kijiti" ni kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa Unguja na muuaji akatoroka. Kama Siti angenyamaza kwa heshima, nani leo angemkumbuka marehemu yule?

Na dada yangu je? Yeye hakuwahi kusafiri. Furaha yake ya wiki ilikuwa simu yangu. Nilikuwa nampelekea ukumbi mzima masikioni, kwa pauni tano. Nilikuwa namfanyia wema.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisemea. Na palipobaki tundu, nililiziba kwa ile methali ya lisemwalo lipo.

Mwaka 2009 alifariki mzee wetu mmoja, tukakutana kwenye khitma yake. Nilipoingia jikoni nikamkuta yule mama anamenya vitunguu, gunia zima liko mbele yake. Nikashika kisu nami. Tulimenya robo saa nzima bila ya neno, kisha akasema, bila ya kuniangalia:

"Mwenzangu, nimejua zamani kuwa ni wewe. Kadi nzima ukaimaliza kwangu."

Sikukana. Nikamwambia nimekosa, anisamehe. Akaendelea na vitunguu vyake. Kisha akanieleza, kwa utulivu, kama anayemweleza mtu njia ya kituo cha basi. Mwaka ule wa 2007, mwezi wa Ramadhani, mama yake mzazi alifariki Wete. Karatasi zake za kukaa huku zilikuwa hazijatoka, za mumewe zilikuwa tayari lakini zake bado. Angeondoka asingeweza kurudi kwa watoto. Mazishi aliyasikia kwa simu. Na wimbo ule, mama yake alikuwa akiuimba akifua, hasa ubeti ule wa tatu, akiurudia mara mbili tatu mpaka nguo zishe.

"Mume wangu hakuwemo kabisa kichwani mwangu usiku ule," akasema. "Mimi nilijitunza mwenyewe. Aliyesahau ni mimi."

Mnaona, basi. Katika miaka yangu yote ya taarab nilijua kwamba mtu anayetunza anamrushia mwengine ubeti. Haikunipitikia kwamba mtu anaweza kuinuka, akapita mbele ya watu mia, akaurusha ukamrudia mwenyewe.

Nikaanza kusema kile ambacho kila mtu angesema. Kumbe, laiti ningalijua, nilidhani ni habari za Muscat. Akanikata.

"Na kama ingekuwa ni habari za Muscat?"

Sikuwa na jibu. Akanisogezea vitunguu vingine.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike. Maana kukosea nia yake ni kosa rahisi: nilidhani hivi, kumbe vile, naomba radhi, yamekwisha. Yeye hakunishtaki kwa hilo. Alikuwa ananiuliza kama ningekuwa nimepatia, ningekuwa na haki zaidi?

Nimelizungusha kichwani, na nilipofika ni hapa. Ndani ya ukumbi, kila mtu alikuwa na dhana yake, na dhana zile zilikaa ubavu kwa ubavu. Mmoja alidhani Muscat, mwengine pengine alijua habari za Wete, wa tatu aliona tu mtu kaguswa. Wimbo uliendelea, na yeye mwenyewe alikuwepo. Angetaka, angeinuka tena kwenye ubeti wa tano akatupa jengine la kudhani. Taarab siku zote imempa aliyepigwa nafasi ya kupiga. Black Star na Lucky Star za Tanga zilijibizana kwa nyimbo, na miaka ya 1990 TOT na Muungano walipashana Dar es Salaam mpaka watu wakagawana vitongoji. Maneno yalikuwa makali, mengine hayafai kuandikwa hapa, lakini kila aliyesemwa alikuwa na jukwaa lake na wiki ijayo ilikuwa yake. Mimi nilichokifanya ni kukata ubeti mmoja, nikaupeleka mahali ambapo mwenyewe hayupo, nikaufungia na tafsiri yangu. Simu ile haikuwa na ubeti wa pili.

Kwa hiyo utetezi wangu wa kwanza, kwamba sikusema uongo, ulisimama kwenye mguu mmoja. Aliinuka, alitunza, alilia: hayo niliyaona. "Tumejua" sikuiona popote. Niliitoa mfukoni mwangu. Na hata kama ingekuwa kweli, ilikuwa ni yake aitume au aizuie, kwani yeye ndiye aliyetoa pauni ishirini.

Kuhusu utetezi wa pili sijaridhika. Bado naamini anayeinuka anataka kuonekana. Lakini kuonekana na nani? Na sisi tuliokuwepo, nadhani, tuliokuwa tumesikiliza beti mbili za mwanzo pamoja naye.

Siku hizi kadi za kukwangua zimekwisha. Binti ya kaka yangu, anayeishi Leicester, huniletea taarab kwenye simu ya mkononi kabla wapigaji hawajafunga vinanda vyao. Mwaka jana aliniletea kipande cha sekunde ishirini, mama mmoja analia mbele ya mwimbaji, noti mkononi. Chini yake watu wameshajaza maneno na vikaragosi vya moyo. Nikamwuliza mama huyu ni nani. "Simjui, shangazi, lakini angalia alivyoguswa!" Nikamhadithia kisa changu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia kwamba picha yake ni bora kuliko simu yangu, kwa sababu picha haikuongeza neno. Nikamwonyesha yale maneno ya watu chini. Akasema hayo si yake. Nilimwona na mimi nilivyokuwa mwaka 2007, ila mjanja zaidi.

Yule mama alirudi kwenye taarab. Ilimchukua muda. Mumewe alirejea pia kutoka Muscat, na zile habari za nyumba nyingine kama zilikuwa kweli au la sikuuliza, na mkiniuliza sitawaambia. Mara ya mwisho tulikaa pamoja, karibu na ukuta. Ukaja wimbo mmoja, nikahisi anasogeza mkoba wake, kisha kiti kikawa kitupu pembeni yangu. Nilikazia macho vidole vya mpiga kanuni, kijana sasa, yule mzee ameshatangulia mbele ya haki.

Asubuhi dada akapiga. Yeye ni mtu mzima sana sasa, na siku hizi simu ni bure, tunazungumza mpaka sikio linapata moto. Nikampa saa waliyochelewa kuanza, nikampa sauti, nikampa nguo ya mwimbaji mpaka rangi ya uzi. Akasubiri. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, nani alitunza.

"Watu wengi," nikamwambia.

"Umekuwa mkavu siku hizi," akasema dada, na akanitaka nimrudie habari za kanuni.