Jiwe la Kusagia Haliwekwi Rehani

Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani. Mbele kidogo inaagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijachwa, apate kujifunika. Deni linabaki pale pale. Kinachowekewa mpaka ni mkono wa anayedai.

Wengi wetu hatujui kuwa sheria ya nchi nayo ina mpaka huo. Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ambayo chimbuko lake ni wakati wa Mwingereza, inamruhusu mtu aliyelemewa na madeni kwenda mwenyewe Mahakama Kuu akatangazwe muflisi. Wadai wake pia wanaweza kumpeleka. Mali zake zinawekwa chini ya msimamizi, naye mdaiwa anahojiwa hadharani kwa kiapo: alikopa wapi, fedha zilikwenda wapi, ameficha nini. Kilichopo kinauzwa, wadai wanagawana. Lakini nguo na matandiko ya familia, pamoja na zana za kazi yake hadi kiwango fulani cha thamani, haviguswi na mtu.

Kisha anaweza kuiomba mahakama imwachilie. Ikikubali, salio la madeni yale halidaiwi tena, na anaanza upya. Si jambo la kupewa tu. Mahakama yaweza kukataa, kuahirisha au kumpa masharti, hasa kama alicheza kamari au alikopa akijua hataweza kulipa. Deni alilolipata kwa udanganyifu linabaki shingoni mwake. Naye aliyeanguka kwa bahati mbaya, bila kosa lake, mahakama yaweza kumpa cheti cha kusema hivyo. Hapo huwa nawakumbuka ndugu zetu wa Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliwachukulia watu wao, nyumba na maduka. Aliyefungua duka kwa mkopo aliondokewa na duka, mkopo ukabaki.

Najua ni wachache sana kati yetu watakaofika Mahakama Kuu. Deni la mkulima wa kitunguu saumu wa Mbulu, bei ikishuka, huishia kwenye kikoba au kwa mkopeshaji wa kausha damu anayeshika kadi ya benki ya mtu pamoja na namba yake ya siri. Huko hakuna msimamizi, wala siku ya kuachiliwa. Kuna wanakikundi wanaoingia nyumbani kwa mwenzao asubuhi, wakatoka na godoro, masufuria na jembe, watoto wakitazama. Jembe likishaondoka, deni litalipwa kwa nini? Hili ni dhambi, ndugu zangu, hata kama katiba ya kikundi inaliruhusu.

Na kuna wadhamini. Sheria ikimwachilia mdaiwa, haimwachilii aliyemdhamini. Huyo anaendelea kudaiwa. Kwetu mdhamini ni shemeji, ni jirani, ni mama anayekaa naye benchi moja kanisani. Ndiyo maana anayeshindwa kulipa huacha kuja ibadani: anamkwepa mwenzake, si Mungu. Anayetaka kusamehewa amwendee kwanza mdhamini wake, amweleze ukweli wote kabla hajausikia kwa wengine.

Nehemia, katika sura ya 5, aliwakabili wakuu waliokuwa wameshikilia mashamba ya ndugu zao, akataka yarudishwe siku ile ile. Alikiri pia kwamba yeye na watu wake walikuwa wakikopesha.

Kwa hiyo naviomba vikundi vyote vinavyokutana katika ukumbi wetu: kabla ya kwenda nyumbani kwa mtu, mwiteni pamoja na wadhamini wake, mumsikilize mpaka amalize. Andikeni katika katiba zenu vitu visivyoguswa: jembe, cherehani, mbegu, magodoro. Aliyefiwa, aliyelazwa au aliyepatwa na maafa asogezewe muda bila faini. Mwenye kadi ya benki ya mwenzake airudishe wiki hii. Viongozi wa vikundi, Jumapili baada ya ibada tubaki, mje na katiba zenu.